Feni ya maji: Dodoma inapoza, Dar inakutoa jasho

Mtu akiniuliza kama feni ya maji inapoza kweli, kwanza namuuliza anakaa mkoa gani. Akisema Dodoma, Singida au Shinyanga, tunaendelea kuongea. Akisema Dar, Tanga au Mtwara, namshauri anunue feni ya kawaida yenye mapanga makubwa, chenji arudi nayo nyumbani. Sibahatishi. Feni ninayoieleza hapa ilikaa Tandika, Dar, kabla ya kuja kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma. Mashine ni ile ile na pampu ni ile ile, lakini kazi iliyoifanya kule na inayoifanya huku haifanani hata kidogo.

Kwa asiyeijua, ni sanduku la plastiki lenye magurudumu, linanifika kiunoni. Chini kuna tangi, la kwangu linabeba lita 40. Pampu ndogo inavuta maji na kuyamwaga juu ya pedi, ambayo ni bamba nene la karatasi ngumu lenye vitundu kama sega la nyuki. Feni iliyo ndani inavuta hewa kutoka nyuma, hewa inapita kwenye pedi iliyolowa, halafu inatoka mbele ikiwa imepoa. Basi. Hakuna gesi, hakuna kompresa, hakuna bomba la kutoa joto nje. Kuna wauzaji wanaoiuza kwa kusema ni AC ya bei nafuu, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Aliyeinunua ni mdogo wangu wa kiume, Kariakoo, katikati ya 2022, kwa shilingi 280,000. Muuzaji alimwambia afunge madirisha na mlango kama mwenye AC, achanganye na barafu, na chumba kitakuwa ubaridi mtupu. Ilipofika Oktoba joto la Dar likaanza kupanda, naye akafanya kama alivyoelekezwa. Baada ya muda akanipigia simu saa nne za usiku. "Dada, hiki kidude kinanitoa jasho kuliko nilipokuwa sina kitu. Shuka imelowa, na ukutani kumeanza kuota ukungu." Mke wake alikuwa ameshaihamishia barazani.

Nikamwambia anitumie. Ilikuja kwa basi, imefungwa kwenye boksi lake, nauli ya mzigo ikawa 15,000, nami nikamrudishia sehemu ya pesa yake kidogo kidogo.

Sasa nieleze ilikofikia. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ofisi: vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi, na kitanda kidogo pembeni anakopumzika mama mchana. Mama ana miaka 78 na ana presha. Juu yetu ni bati, na mwaka ule hatukuwa na dari. Anayeijua Dodoma anajua maana yake. Kuanzia mwisho wa Aprili au Mei mvua inakatika, na mpaka Novemba, mara nyingine Desemba, hupati hata manyunyu. Mwaka wa kawaida mji huu hauzidishi milimita 600 za mvua, na karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili. Juni na Julai tunavaa masweta, maana tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa asubuhi unakata. Lakini Oktoba na Novemba jua linasimama utosini, ardhi imekauka, majani hakuna, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Saa sita mchana bati linaanza kulia. Kufikia saa tisa hewa ya chumbani inakuwa nzito, pasi ikiwashwa ndiyo kabisa, na feni ya kawaida inachukua lile joto la kwenye bati na kukupulizia usoni.

Kwa kijana ni adha. Kwa mzee mwenye presha ni hatari. Mama alikuwa anaacha kula mchana, anakaa kimya, ukimgusa ngozi imekauka na ina moto. Nilikuwa nampangusa kwa kitambaa chenye maji mikononi na shingoni, anapata nafuu, kinakauka, naanza upya. Kitambaa kile na feni ya maji ni kitu kimoja. Maji yanapogeuka mvuke yanachukua joto kutoka pale yalipokuwa. Ndivyo na mtungi wa mama unavyopoza maji pale kwenye kona bila umeme: maji yanapenya udongo taratibu, yanakaukia nje, ya ndani yanabaki ya baridi.

Nilinunua kile kipimo kidogo cha mezani kinachoonyesha joto na unyevu wa hewa, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho. Saa tisa alasiri ya Novemba kilisoma nyuzi joto 33 na unyevu asilimia 31. Nikaiwasha feni dirishani, nikaiacha ilowe vizuri, halafu nikakiweka kipimo mbele ya mdomo wake. Kikashuka mpaka 26. Kule mwisho wa chumba, kwenye meza ya kukatia, kilikuwa 29. Siyo ubaridi wa benki, sitamdanganya mtu. Lakini kutoka 33 hadi 29 chini ya bati, na upepo laini unapita, ni tofauti ya mtu kulala usingizi na mtu kuhema. Mama alilala. Alipoamka akaomba uji.

Kwa nini Tandika ilishindikana? Kosa si la mashine. Hewa ina kiasi chake cha mvuke inachoweza kubeba, na ya pwani tayari imebeba mzigo wake kutoka baharini. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo kwa Dar ni ya kila siku, maji hayawezi kuipoza chini ya nyuzi 27 hivi, hata ununue mashine ya milioni. Hapo ni kwa pedi isiyo na kasoro, na hizi za sokoni hazifiki huko, kwa hiyo unapata nyuzi mbili au tatu tu. Na kila lita inayokauka kwenye pedi inarudi kwako kama unyevu. Ukifunga dirisha, unyevu unajaa chumbani, jasho la mwili wako linakosa pa kukaukia, unalowa. Hewa yetu ya nyuzi 33 yenye asilimia 31 ni kavu, ina kiu. Kwa hesabu hiyo hiyo inaweza kushuka mpaka kama nyuzi 21, na mashine ya kawaida inakupa zaidi ya nusu ya safari hiyo.

Hii ndiyo sababu nasema maelekezo ya "funga madirisha" ni mabaya hata kwa mtu wa Dodoma. Feni ya maji inataka kukaa dirishani, mgongo wake ukiangalia nje ili ivute hewa kavu, na upande wa pili wa chumba kuwe na mlango au dirisha lililofunguliwa ili hewa iliyokwisha kulowa itoke. Ukiiweka katikati ya chumba kilichofungwa, itakupoza nusu saa, halafu itaanza kuvuta hewa yake yenyewe na utajiona umerudi Tandika. Mteja wangu mmoja wa Ipagala alikuwa tayari kuiuza ya kwake. Nilimwambia tu aisogeze dirishani na afungue mlango wa uani. Hakuiuza.

Na barafu je? Boksi linakuja na vile vichupa viwili vya kugandisha, na watu wanavisifia sana. Mimi sivitumii. Kilo ya barafu ikiyeyuka inachukua joto fulani, ila lita moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua kama mara saba ya hilo. Kazi kubwa inafanywa na kukauka kwa maji. Barafu inakupa dakika chache za raha na inakula umeme wa friji. Kama una friji, gandisha maji ya kunywa ya mzee wako.

Nimefika kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote, nalo ni maji yenyewe.

Kiangazi kile cha 2022 kilikuwa cha ukame mpana. Kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia mvua zilikuwa zimekosa msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020. Kwetu, mwezi Oktoba, Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikatangaziwa mgao wa maji, na visima vya Kigamboni vikaharakishwa kuingizwa kwenye mtandao ili mji upumue. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa pamoja ina uwezo wa lita milioni 466 kwa siku, lakini mtambo hauwezi kuzalisha maji ambayo mto hauna. Mdogo wangu yule yule alikuwa anaamka saa tisa usiku kukinga ndoo.

Dodoma sisi hatuna mto wa kutegemea. Tunakunywa ya ardhini, hasa visima vya Mzakwe, na mji umekua kuliko visima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini, na ile ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali ilihamia, watumishi wakaja, nyumba zikapanda mpaka milimani, na kila nyumba inataka bomba. Kwa hiyo mgao kwetu siyo habari ya mwaka wa ukame peke yake, ila mwaka wa ukame unauma zaidi. Mtaani kwetu bomba lilikuwa linatoka siku ambazo huwezi kuzipanga. Zilizobaki tunanunua kwa kijana wa toroli, dumu la lita 20 kwa shilingi 500, na jua likizidi hata hiyo 500 unaambiwa subiri.

Mama aliponiona nainua dumu kumimina kwenye tangi la feni, alikaa kitandani akaniangalia. "Mwanangu, watu hawana maji ya kunywa, wewe unamnywesha feni?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mama amezaliwa kwenye nchi hii ya mibuyu na korongo kavu, wakati wa usichana wake alikuwa anafukua mchanga wa korongo kupata maji kwa kata. Kwake yeye kumwaga maji ili upate upepo ni dhambi. Na nilimwelewa, ndiyo maana nikakaa kuhesabu kabla ya kuendelea.

Feni yangu, ikiwa kwenye kasi ya kati mchana wa Oktoba, inakunywa kama lita moja na nusu kwa saa. Siku hewa ikiwa na unyevu inapungua, siku ya upepo mkavu inaongezeka kidogo. Tukiiwasha kuanzia saa sita mpaka saa kumi na mbili jioni, ni lita tisa. Dumu moja linakwenda siku mbili na kitu kinabaki. Kwa mwezi ni kama madumu kumi na tano. Kwa maji ya toroli ni shilingi 7,500. Pesa si nyingi, ila lita 300 katika mtaa wenye kiu ni lita 300.

Tulichofanya ni hiki. Jirani yetu ana kisima kirefu cha maji ya chumvi. Ni ya chumvi hasa, chai haichemki ikanyweka, sabuni haitoi povu, na miche inakauka ukiimwagilia. Watu wanayatumia kufyatulia tofali na kusukuma choo. Anatuuzia dumu shilingi 200. Hayo ndiyo yanayokwenda kwenye feni. Maji matamu ya bomba na ya toroli yanabaki ya kunywa, kupikia na kumwogesha mama. Nilipomweleza mama hivyo, na akaonja yale maji kwa ncha ya ulimi akatema, akasema basi sawa, hayo mpe feni. Tangu hapo yeye ndiye anayeniambia tangi limeisha.

Chumvi ina gharama yake na nisiifiche. Maji yanakauka, chumvi haikauki. Inabaki kwenye pedi kama unga mweupe, baadaye inakuwa gamba gumu linaloziba vitundu. Pedi ya kwanza ilimaliza kiangazi ikiwa imeshapoteza nguvu, na pedi mpya nilinunua 25,000. Sasa nina utaratibu. Kila mwisho wa wiki namwaga maji yote yaliyobaki chini ya tangi, maana ndiyo yenye chumvi nyingi kuliko yote, yaliyobaki baada ya mengine kukauka. Nayamwaga kwenye choo, si kwenye mti. Pedi naisuuza kwa maji yenye siki kidogo, naiacha usiku kucha, asubuhi naipiga brashi laini kufuata vitundu. Pampu nayo naifungua, ina kichujio kidogo ambacho vumbi la Dodoma linakipenda sana. Wengine wanaweka maji ya suuza ya mwisho ya nguo. Msifanye hivyo, sabuni inatoa povu kwenye pedi na harufu yake ikishaanza haitoki.

Jambo la afya ambalo hakuna muuzaji atakutajia: tangi lenye maji yaliyotuama ni nyumba ya mbu. Mbu anayeeneza dengue anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi. Kama huiwashi, imwage na uikaushe. Na kila jioni kabla ya kuizima, zima pampu kwanza uiache feni ipulize peke yake nusu saa ili pedi ikauke. Usipofanya hivyo utaanza kusikia harufu ya kitambaa cha jikoni kilicholala kimelowa, na huko ni kumletea mzee kifua.

Upande wa umeme sina manung'uniko. Nyuma imeandikwa wati 80. Kwa saa sita ni kama nusu uniti, kwa mwezi uniti 15. Kwa bei niliyokuwa nanunulia Luku, shilingi 356 kwa uniti, inakuja 5,300 na kitu. AC ndogo ya ukutani inakula wati 1,000 hivi ikiwa inafanya kazi. Hata ukiihesabia inapumzika nusu ya muda, saa zile zile sita zinakutoa zaidi ya 30,000 kwa mwezi, mbali na bei ya kuinunua, fundi wa kuifunga na gesi. Ila umeme wenyewe mwishoni mwa 2022 nao ulikuwa wa mgao, kwa ukame ule ule, kwa kuwa mabwawa ya kufua umeme yalipungua maji. Siku umeme ulipokatika saa nane mchana, feni ya maji ilikuwa sanduku tu, tukarudi kwenye kitambaa na kivuli cha mwarobaini nje.

Tangu wakati huo imepita kwenye misimu mingine, na uliofundisha kuliko yote ulikuwa wa mvua. Mwishoni mwa 2023 ilikuja El Niño, mvua zile zilizoporomosha tope kule Hanang Desemba na kuua watu. Dodoma ikawa kijani mpaka milimani, mahindi yakasimama, hewa ikajaa unyevu. Januari 2024 kulikuwa na mchana wa joto bado, nikaiwasha. Kipimo kilisoma nyuzi 29 na unyevu asilimia 68. Mbele ya mdomo wa feni ilishuka nyuzi mbili na kidogo, na vitambaa vya wateja vikaanza kunata mkononi. Nikaizima, nikafungua madirisha, nikatumia feni ya kawaida. Kwa hiyo hata kwa mtu wa Dodoma hii ni mashine ya kiangazi. Kuanzia Desemba mvua zikikolea mpaka Aprili, ifunike kwa shuka iweke pembeni.

Usiku pia siihitaji. Dodoma jua likizama joto linashuka haraka, saa tano usiku Oktoba unavuta shuka. Anayesema anailaza imewaka mpaka asubuhi anapoteza maji bure.

Kasoro za yenyewe kama kifaa zipo. Ina kelele kwenye kasi ya juu, kiasi kwamba simsikii mteja anayetaja vipimo vyake, kwa hiyo naiweka ya kati. Gurudumu moja la mbele lilivunjika kwenye kizingiti, plastiki yake ni nyepesi. Kizibo cha kutolea maji kiko chini sana, huwezi kukinga ndoo, lazima uiinamishe au uitoe uani, na ikiwa na maji ni nzito kwa mwanamke peke yake. Rimoti ilikufa mapema, sikuihitaji. Pampu imebadilishwa mara moja, fundi wa redio pale Majengo alinipa ya kwenye tangi la samaki wa mapambo, ikakaa sawasawa, na bei ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyotajiwa dukani. Kuhusu kazi ya kushona: usielekeze upepo wake kwenye hariri au shifoni iliyokatwa tayari. Unyevu unabadilisha mlalo wa kitambaa, na matone madogo huruka pedi ikiwa imezibwa upande mmoja. Mimi nimeielekeza kati ya kitanda cha mama na kiti changu, meza ya kukatia iko nje ya njia yake.

Niseme pia jambo ambalo linaweza kumkosesha muuzaji wateja. Kama nyumba yako haina dari na una laki tatu mkononi, weka dari kwanza, hata ya ubao mwembamba, hata ya chumba kimoja anacholala mzee au mtoto mchanga. Sisi tulikuja kuiweka 2023, na chumba kikashuka nyuzi nne saa tisa mchana kabla hata ya kuwasha chochote. Dari haili maji, haili umeme, na mgao hauigusi. Panda na mwarobaini upande wa magharibi, ukistahimili kumpa mche maji machafu ya jikoni misimu miwili mitatu utapata kivuli. Halafu ndipo ununue feni ya maji, nayo itafanya kazi ndogo na kunywa kidogo. Kwetu sasa tunaiwasha saa nane mpaka saa kumi na moja tu, na dumu moja la maji ya chumvi linavuka siku nne.

Kwa bei ya sasa nisingependekeza ile ya tangi kubwa kabisa ya lita 60 na zaidi. Ukubwa wa tangi hauongezi ubaridi, unaongeza tu maji yanayotuama. Angalia upana wa pedi na unene wake. Pedi ya karatasi ngumu ya vitundu inashinda ile ya majani makavu iliyojazwa kwenye wavu, ambayo inalala chini baada ya mwezi na hewa inapita juu bila kulowa. Kagua kama pedi inachomoka kwa mkono bila bisibisi, kwa sababu usipoweza kuitoa hutaiosha. Muulize muuzaji kama ana pedi za akiba za aina hiyo hiyo, akisita tafuta duka lingine.

Na kuna nyingi za mtumba zinazotoka Dar sasa hivi, za watu waliopata yaliyompata mdogo wangu. Zinauzwa mpaka laki moja, zikiwa karibu mpya. Kwa mtu wa bara huo ni ununuzi mzuri. Mimina maji kidogo kwenye tangi mbele ya muuzaji, washa pampu bila feni, uangalie pedi inavyolowa. Ikilowa juu mpaka chini na upande hadi upande, lipa. Ikiacha sehemu kavu, mwambie apunguze pesa ya pampu.